Jumapili Laleli imefungwa: nenda ukasome barua za wafanyabiashara wenzako

ISTANBUL. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kwenda Istanbul kufunga mzigo anaijua Jumapili ya Laleli. Milango ya chuma ya maduka mengi ya jumla imeshushwa na vijana wanaosukuma marobota hawaonekani barabarani. Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa lenye mitaa ipatayo 60 ndani yake, limefungwa. Wakala wa kago hapokei simu. Unabaki hotelini unahesabu dola zilizosalia na kuomba Jumatatu ifike.

Jumapili ya namna hiyo nilikaa meza moja ya chai na mama mmoja mwenye duka la nguo za watoto Kariakoo, ambaye wateja wake wanatoka hadi Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura. Ilikuwa safari yake ya tisa Istanbul. Nilipomuuliza ameona nini katika jiji hili zaidi ya Laleli na Merter, alicheka.

“Mwanangu, mimi sikuja kutalii. Kila dola niliyo nayo hapa ni ya watu.”

Nilimwambia kwamba vituo vinne tu vya tramu kutoka pale tulipokaa kuna barua za akina mama wenye biashara kama yake, zilizoandikwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Akaniangalia kama mtu anayetaka kumuuzia kitu. Kisha akachukua mkoba.

Punda, bati na njia za panya

Tulipanda tramu ya T1, tukapita Beyazıt, Çemberlitaş na Sultanahmet, tukashuka Gülhane. Ukipandisha kilima kidogo unafika Makumbusho ya Akiolojia ya Istanbul, ambayo ni majengo matatu ndani ya ua mmoja. Watalii wengi hukimbilia jengo kubwa kuona jeneza la marumaru linaloitwa la Aleksanda Mkuu. Jeneza hilo lilichimbuliwa Sidon, Lebanon, mwaka 1887, na mabaki ya rangi bado yanaonekana kwenye nakshi zake. Sisi tulianzia jengo dogo la Mashariki ya Kale.

Humo imehifadhiwa hazina kubwa ya mabamba ya udongo yenye maandishi ya kale, yale yanayofanana na alama za kabari ndogo zilizogandamizwa. Mojawapo ni mkataba wa amani kati ya Farao Ramesses II wa Misri na mfalme Hattusili III wa Wahiti, wa karne ya 13 kabla ya Kristo. Wafalme wawili waliochoka kupigana waliahidiana kutoshambuliana, kusaidiana akija adui, na kurudishiana wakimbizi. Nakala yake imetundikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York.

Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, mabamba ya maana zaidi ni yale ya Kültepe, karibu na mji wa Kayseri katikati ya Uturuki. Zamani mji huo uliitwa Kanesh. Wachimbaji wamepata huko zaidi ya mabamba 20,000, na mengi yake ni karatasi za biashara: hati za madai, hesabu za misafara, kesi na barua. Yamesambaa katika makumbusho mengi duniani, na Istanbul inalo fungu lake.

Waliyoyaandika ni wafanyabiashara wa Ashur, mji ulioko katika Iraki ya leo. Walipakia punda bati la kuchanganyia na shaba, pamoja na vitambaa, wakasafiri takriban kilomita 1,000 hadi Kanesh. Wakifika waliuza mzigo, mara nyingi na punda wenyewe, wakarudi na fedha na dhahabu. Ashur na watawala wa Anatolia walikuwa na makubaliano: msafara unapita kwa usalama, lakini lazima kwanza uingie ikulu ulipe ushuru, na ikulu ina haki ya kuchagua sehemu ya vitambaa na kuvinunua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilipofika hapo mama alinikatiza. “Yaani hata hao walikuwa wanafunguliwa marobota mpakani?”

Walifunguliwa. Na palipo na ushuru hapakosi njia za panya. Wafanyabiashara wa Ashur nao walikuwa na jina la njia yao ya pembeni, ile nyembamba inayokwepa miji yenye watoza ushuru. Barua moja maarufu inaeleza jinsi mzigo wa magendo aliotumiwa mfanyabiashara mkubwa, Pushu-ken, ulivyokamatwa. Ikulu ilimtia ndani Pushu-ken mwenyewe, na mwandishi wa barua akamwonya mwenzake asithubutu kupitisha chochote kwa wakati ule kwa kuwa walinzi walikuwa wakali.

Mama alinyamaza kidogo. “Aliyefungwa ni yule aliyetumiwa?”

“Ndiye.”

“Mdogo wangu alipoteza robota kumi na moja hivyo hivyo,” alisema. “Dereva alimwambia kuna njia fupi. Dereva leo anaendesha gari lingine. Mdogo wangu mpaka sasa analipa deni.”

Huyo Pushu-ken alikuwa na mke, Lamassi, aliyebaki Ashur akisimamia ufumaji wa vitambaa na kuvituma kwa mumewe avisukume sokoni. Barua zake zimesomwa. Analalamika kuhusu kodi, anataka malipo ya vitambaa vyake, na anajibu malalamiko ya mume kuhusu ubora wa kazi. Hakuna mfanyabiashara wa mpakani atakayehitaji mfasiri wa barua hizo.

Kilichobadilika ni karatasi. Leo mwenye mzigo mdogo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, usiozidi dola 2,000 za Marekani na wenye bidhaa za nchi wanachama, anaweza kupewa cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani bila kulipia ushuru wa forodha. Wa Kanesh hawakupata nafuu hiyo. Bado wapo wetu wanaolala porini na mzigo ambao ungepita getini mchana kweupe.

Almasi kwa vijiko vitatu

Kutoka hapo hadi kasri la Topkapı ni mwendo mfupi kwa miguu. Sultani Mehmed II aliyeiteka Istanbul mwaka 1453 ndiye aliyeanza kulijenga, na tangu 1924 ni makumbusho. Katika hazina yake kuna almasi ya karati 86 inayoitwa Almasi ya Mwuza Vijiko. Hadithi ya mjini inasema maskini mmoja aliiokota jaani, akaiuza kwa mtengeneza vijiko akapewa vijiko vitatu. Iwe kweli au simulizi tu, kila mtu aliyewahi kuuza kitu bila kujua bei yake huguna akiisikia.

Kilichomshika mama zaidi ni jikoni. Majiko makubwa ya kasri hilo yana vyombo vya kauri vya China na Japani, na mkusanyo wote unapita vipande 10,000. Vyombo vya namna hiyo vilisafirishwa pia kwa majahazi ya Bahari ya Hindi, na vilishushwa kwetu. Vipande vyake vimefukuliwa Kilwa na Gedi, na mabakuli yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi.

“Kunduchi hii ya kwetu?” aliuliza. Amekaa Dar es Salaam miaka thelathini na hajawahi kuyaona makaburi hayo.

Mizani ya zamani na mchoro wa kobe

Ukibaki na saa mbili, rudi kwenye tramu uvuke daraja la Galata hadi Karaköy, kisha upande Tünel, treni fupi ya chini ya ardhi inayofanya kazi tangu 1875. Juu, eneo la Tepebaşı, kuna jumba la sanaa la Pera lililofunguliwa 2005. Lina mkusanyo mzima wa mizani na vipimo vya Anatolia, tangu mawe ya kupimia ya kale hadi vipimo vya enzi ya Waosmani. Kabla ya sarafu watu walilipana kwa fedha iliyopimwa, kwa hiyo aliyeshika jiwe la mizani ndiye aliyeshika bei.

Humo pia umetundikwa mchoro wa mwaka 1906 wa mzee aliyevaa joho jekundu akijaribu kufundisha kobe. Mchoraji wake, Osman Hamdi Bey, ndiye aliyeyasimamisha Makumbusho ya Akiolojia na kuchimbua lile jeneza la Sidon. Ni yeye pia aliyesukuma sheria ya mwaka 1884 iliyokataza kutoa vitu vya kale nje ya dola ya Waosmani.

Sheria hiyo ina mjukuu, na huyo anamhusu kila anayepita uwanja wa ndege wa Istanbul na mabegi. Sheria ya Uturuki ya mwaka 1983 inakataza kusafirisha mali za kale nje ya nchi, na adhabu yake ni pamoja na kifungo cha miaka. Sarafu ya kale au kipande cha jiwe lenye nakshi kinatosha kukuweka matatani. Kusema uliuziwa barabarani si utetezi wa kutegemea.

Niliyaeleza hayo kama jambo la kawaida, lakini mama alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na sarafu mbili chakavu. Mtu mmoja alikuwa amemuuzia Ijumaa karibu na tramu, akimwambia ni za Kirumi. Alikuwa anampelekea mjukuu.

Yawezekana zilikuwa bandia, kama nyingi zinazouzwa mitaani. Lakini nani angekwenda kulijaribu hilo mbele ya forodha? Jioni ile tulimtafuta muuzaji hatukumwona. Kesho yake tulizipeleka makumbusho, mama akaeleza alivyozipata, akazikabidhi.

Ukienda

Makumbusho ya Akiolojia na Topkapı yako wazi Jumapili. Topkapı hupumzika Jumanne, Pera Jumatatu. Kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko cha mwenyeji na hupanda mara kwa mara; Topkapı ndiyo ghali zaidi, kwa hiyo mwenye fedha ya sehemu moja aanze na Akiolojia. Baadhi ya vyumba hufungwa kwa ukarabati, basi uliza kabla ya kukata tiketi. Pera kwa miaka mingi imekuwa ikifungua bure Ijumaa jioni, ulizia kama utaratibu bado upo. Acha mzigo hotelini, na usipige picha kwa mwanga wa flashi.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilimkuta mama Laleli, amekaa juu ya robota, anabishana bei ya suruali za watoto kwa kidole na kikokotoo. Aliponiona aliniita.

“Mwanangu, yale mabamba yamekaa miaka elfu nne. Unajua madaftari yangu ya kwanza ya madeni yako wapi? Tulifungia maandazi.”

Akarudi kwenye kikokotoo.