Tukio na Tungo: Mashairi ya Muyaka na Tatizo la Kuuhifadhi Wakati

Sanaa yoyote inayokusudia kulinasa tukio hukabiliwa na ukinzani: tukio hupita, ilhali sanaa hutaka kudumu. Tukio lina siku yake, mahali pake na watu wake. Tungo huendelea kughaniwa baada ya hayo yote kutoweka. Katika fasihi ya Kiswahili, tatizo hili hudhihirika waziwazi katika mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840).

Husemwa kwamba Muyaka ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalifikisha sokoni. Kauli hiyo yahitaji hadhari, lakini kiini chake ni sahihi: alitunga juu ya mambo ya siku zile, kama vile mapenzi, dhiki, biashara, na hasa uhasama baina ya Mombasa ya Mazrui na Lamu, na baina ya Mazrui na Sayyid Said wa Oman, hadi utawala wao ulipoanguka mwaka 1837. Hadhira yake ilimjua anayesemwa. Fumbo moja lilitosha.

Umbo la shairi lilisaidia sana kuzihifadhi tungo hizo. Ubeti wa mishororo minne, kila mmoja ukiwa na mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho, humwongoza mghani: neno likimponyoka, kina na mizani humrejesha penye neno hilo. Hata hivyo, umbo hilo hulinda maneno peke yake. Sauti ya mghani, kicheko cha wasikilizaji na jina la mlengwa havina mizani wala vina, na ndivyo vilivyotangulia kupotea.

Katika miaka ya 1880, yaani zaidi ya miaka 40 baada ya kufa kwa malenga huyo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya mashairi hayo kwa hati za Kiarabu, naye mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayanakili kwa hati za Kirumi. W. Hichens aliichapisha diwani hiyo Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 ukafuatia uchambuzi wa M. H. Abdulaziz. Ikumbukwe kwamba hati za Kiarabu, kwa desturi ya zamani, hazikutofautisha e na i, wala o na u. Kwa hiyo hata maandishi yalimhitaji mtu aliyekwisha kulihifadhi shairi moyoni. Bila yeye, neno moja liliweza kusomwa kwa namna mbili au tatu.

Matokeo yake ni kwamba msomaji wa leo aweza kuuchukua ubeti wa vita kuwa ni wa mapenzi, kwa kuwa mafumbo ya Muyaka hutumia lugha ile ile kwa mambo yote mawili. Hapana budi, basi, mashairi haya yasomeshwe pamoja na historia ya Mombasa. Aidha, wanaokusanya tungo za malenga walio hai wasiridhike na maneno matupu. Wauliza shairi lilitungwa lini, lilimlenga nani, na lilighaniwa mbele ya hadhira gani, maadamu wenye majibu wangali hai.