Maneno nayo iko na uzito ndani ya telefone

Telefone ikianza kusinzia, sisi wote tunatupa kosa kwa rezo. Rezo iko na makosa yake, ndiyo, lakini kuna kazi ingine iliyofichwa ndani ya masini yenyewe: kubeba maneno.

Wachimbaji mutaelewa haraka. Tuseme mtu ana rundo la mchanga. Kila akileta mufuko mupya, kwanza anahamisha rundo lote pahali pengine, kisha njo anamwaga ule mufuko juu. Wazimu, sivyo? Lakini programu nyingi zinafanya hivyo zikiunganisha majina ya liste. Ukiongeza herufi 1.000 moja moja, masini inaweza kunakili herufi zaidi ya 500.000.

Dawa ni kutenga nafasi kubwa tangu mwanzo. Tuchukue Java, lugha ambayo DHIS2 imeandikwa nayo, ile programu ya Université ya Oslo ambayo Wizara ya Afya inatumia kwa ripoti za zone de santé kama yetu ya Kalunguta. Kompilatere yake, maana yake programu inayogeuza maandiko ya fundi kuwa lugha ya masini, inapanga nafasi hiyo yenyewe ndani ya mustari moja. Lakini kazi ikirudiwa mara elfu, fundi mwenyewe lazima aipange. Hapo njo wengi wanazembea.

Herufi nazo zilikuwa zinakula sana. Zamani katika Java kila moja ilichukua okte 2, juu lugha nyingi za dunia zilipaswa kuingia humo. « Kalunguta » ilikula okte 18. Mwaka wa 2017, Java 9 ilianza kuangalia kwanza: herufi zote zikiwa za kawaida, okte 1 inatosha, zinabaki 9. Android 8 ilifanya vile vile mwaka huo, ila kwa ukali: ukiweka « é » moja tu, maandishi yote yanarudi okte 2 kwa kila herufi. « Blessé » ni okte 12. « Majeruhi », ingawa ni refu zaidi, okte 8. Kiswahili chetu hakina accent, kinapita bure.

Hiyo haipunguzi mega munazonunua. Ni nafasi ya ndani ya telefone. Mwenye telefone ya bei kali hataona kitu. Sisi tunafikiria zile ndogo za machimboni, zenye memwari kidogo, zinazongojea jua lipige panneau ndiyo zipate charge.