Joto la Ajabu Katika Ramani: Lichunguze Kabla ya Kuliamini

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Kinangop alifika ofisini kwetu na simu mkononi.

"Karani," akasema, "juzi ramani hii iliniambia kwamba usiku joto halitashuka chini ya digrii 5. Nikalala bila wasiwasi. Kumbe viazi vyangu vya bondeni viliungua kwa jalidi, na sasa majani ni meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Leo ramani hiyo hiyo inaonyesha doa jekundu la digrii 39 karibu na soko letu, nami nimekuja nimevaa koti. Je, niiamini tena, au niachane nayo?"

Ndugu mkulima, huenda nawe umewahi kujiuliza hivyo. Jibu ni hili: usiiamini upesi, wala usiitupe upesi. Namba ya ajabu katika ramani ni kama ng'ombe aliyekataa kula. Mfugaji mwenye akili hamchinji siku hiyo, wala hampuuzi, humchunguza. Yako maswali matano ya kuuliza.

1. Je, ni joto la kitu gani? Joto linalotangazwa na Idara ya Hali ya Hewa ni joto la hewa kivulini, kiasi cha mita moja na robo hadi mita 2 juu ya ardhi. Ramani nyingine huonyesha joto la udongo wenyewe, lililotazamwa na satelaiti kutoka juu. Mchana wa jua kali, udongo mtupu waweza kufika digrii 50 hali hewa iliyo juu yake ni digrii 30. Tena ziko ramani zisizoonyesha joto lenyewe, bali tofauti yake na kawaida ya miaka 30 iliyopita. Katika ramani ya namna hiyo, rangi nyekundu juu ya Nyandarua haisemi kwamba Nyandarua kuna joto kali. Yasema tu kwamba pana joto kuliko ilivyo desturi yake. Basi soma kwanza maelezo ya rangi yaliyo pembeni.

2. Je, limepimwa au limekadiriwa? Vituo vya kupimia ni vichache, na kati ya kituo na kituo kompyuta hujaza nafasi kwa hesabu. Hesabu hizo mara nyingi huigawa nchi katika miraba, na mraba mmoja waweza kuwa na upana wa kilomita 25 au zaidi. Sasa fikiri: kutoka ufuoni mwa Ziwa Naivasha, penye urefu wa mita kama 1,900 juu ya bahari, mpaka Kinangop penye mita kama 2,500, si mbali. Lakini kwa wastani joto la hewa hupungua digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tofauti ya mahali hapa pawili, basi, ni karibu digrii 4, nayo ramani yaweza kuyaweka yote mawili katika mraba mmoja na kuyapa namba moja.

3. Je, ni la saa ngapi? Ramani nyingi hutumia saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Palipoandikwa 12:00 kwa saa hizo, kwetu Kenya ni saa tisa alasiri, wakati wa joto kubwa. Palipoandikwa 00:00, kwetu ni saa tisa usiku.

4. Je, majirani wanasemaje? Joto la kweli hutanda. Likiwa doa moja tu limesimama peke yake, na vituo vyote vinavyolizunguka viko chini kwa digrii 10 au zaidi, shuku kifaa kabla ya kushuku mbingu.

5. Je, kifaa kimewekwa wapi? Kipimajoto hutakiwa kukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao zinazopitisha hewa, juu ya nyasi, mbali na ukuta na lami. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa. Katika kituo kimoja kidogo, ghala la mabati lilijengwa hatua chache kutoka kwenye kisanduku chetu. Joto la alasiri likapanda kwa digrii 2. Kwa wiki tatu niliandika namba hizo daftarini bila kuinua macho kutazama ghala. Bwana Shamba ndiye aliyeuliza, na nilipokwenda kutazama niliona haya.

Wala usidhani kwamba wadogo tu ndio hukosea. Tarehe 13 Septemba 1922, huko El Azizia nchini Libya, iliandikwa digrii 58, na kwa miaka 90 vitabu vya dunia nzima vilisema hilo ndilo joto kubwa kupita yote. Baadaye wataalamu walioitwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani waliichunguza namba hiyo. Mmoja wao alikuwa Khalid El Fadli wa Libya, na vita vya mwaka 2011 vilikatiza mawasiliano naye kwa miezi kadhaa. Walitazama karatasi yenyewe ya mwaka 1922. Wakaona kwamba mwandishi alibadilika siku zile, na namba zikaanza kuingizwa katika safu zisizo zake. Kipimajoto kilikuwa cha namna ya kale, chenye kijiti kidogo kinachosukumwa na zebaki. Yaelekea mwandishi huyo mgeni alisoma ncha ya juu ya kijiti badala ya ile ya chini, na kosa hilo laweza kuongeza digrii 7. Tena vituo vya jirani havikukubaliana naye. Mwezi wa Septemba 2012 namba ile ikafutwa.

Lakini sikiliza na hili. Mwishoni mwa Juni 2021 ramani za magharibi ya Kanada zilionyesha joto ambalo wengi walidhani haliwezekani, kwa kuwa nchi hiyo haikuwahi kupita digrii 45 tangu mwaka 1937. Vituo vya jirani vilikubaliana. Tarehe 29 Juni kijiji cha Lytton kilifika digrii 49.6, na kesho yake moto ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji hicho. Ajabu ile ilikuwa kweli. Ndiyo maana twasema uchunguze, usicheke.

Turudi kwa mzee wetu. Doa la digrii 39 tulilikuta ni kifaa cha mtu binafsi, kimepigiliwa misumari chini ya paa la mabati na kutuma namba zake chenyewe kwenye mtandao. Na zile digrii 5 hazikuwa uongo. Zilikuwa kadirio la mraba mzima, tena la hewa iliyo juu ya ardhi. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi ni nzito. Huteremka kama maji na kutuama bondeni, na karibu na ardhi baridi huzidi. Shamba lake lilikuwa bondeni hasa.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, yakupasa kufanya haya. Nunua kipimajoto kimoja, ukitundike kivulini mahali penye hewa, mbali na paa na jiko. Kila siku saa tatu asubuhi andika daftarini joto la chini la usiku, na kando yake namba iliyotolewa na ramani. Baada ya miezi michache utajua shamba lako hupungua kwa digrii ngapi. Likipungua kwa 4, ramani ikisema 5 wewe soma 1: mwagilia udongo kabla ya jioni na ufunike miche kwa nyasi. Msimu ujao panda viazi mteremkoni, bondeni uache majani ya ng'ombe.

Mzee alinunua kipimajoto chake wiki ile ile. Viazi vya bondeni havikurudi, lakini daftari lake sasa lina kurasa nyingi, na majirani huja kulitazama kabla ya kulala.