Je, Wajua? Ndege Anayeulizwa Tarehe

Je, wajua kwamba ndege yule yule anaweza kuripotiwa Juni bila swali, lakini akiripotiwa Januari akazua maswali? Mbayuwayu wa buluu, aliye hatarini kutoweka, hufika Mbuga ya Ruma, Homa Bay, mwezi wa Aprili na kuondoka Septemba kwenda kuzaliana Malawi, Zimbabwe na kwingineko kusini. Ukimripoti Januari, au nje ya Ruma, katika mashamba ya miwa ya Awendo, Migori, jiandae kuwapa wanaokagua ripoti ushahidi: picha, mng'ao wa manyoya, nyuzi ndefu za mkia wa dume. Si ukali wa bure. Mbayuwayu mweusi akiruka huku jua likiwa nyuma yake huwadanganya hata wazoefu wakadhani ni yule wa buluu. Andika ulichokiona papo hapo, kabla hujafungua kitabu cha ndege.