Timu ya Watu Wawili

Tarehe 6 Julai 1912 timu za mataifa ziliingia uwanjani Stockholm, Sweden, kufungua Michezo ya Olimpiki. Japani, iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, ilikuwa na wanamichezo wawili. Yahiko Mishima alibeba bendera, Shizo Kanakuri akabeba kibao kilichoandikwa NIPPON. Nyuma yao wakafuata viongozi wachache. Msafara wote ndio huo.

Aliyewapeleka ni Jigoro Kano, mwasisi wa judo, ambaye mwaka 1909 alikuwa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mishima alitoka katika familia ya kitajiri. Kanakuri, kijana wa Kumamoto aliyekuwa akisomea ualimu katika chuo alichokiongoza Kano, alichangiwa nauli na wenzake. Walivuka bahari kwa meli hadi Vladivostok, kisha wakapanda treni na kuikata Siberia nzima. Safari ilichukua zaidi ya wiki mbili, na mkimbiaji akishinda kitini muda wote huo, miguu hukaza. Walipofika, usiku wa kiangazi wa Sweden haukuwa na giza la kutosha kulalia, na kocha wao, Hyozo Omori, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Kwa kiasi kikubwa vijana hao walijifundisha wenyewe.

Mishima alishika mkia katika mchujo wa mita 100, na wa mita 200 vilevile. Katika mita 400 alifuzu nusu fainali, lakini miguu ilikuwa imechoka, akajitoa.

Matumaini yote yakabaki kwa Kanakuri na marathoni yake ya tarehe 14 Julai. Siku hiyo joto lilipita nyuzi 30. Kanakuri alivaa tabi, viatu vya kitambaa vya Kijapani vinavyotenga kidole gumba na vingine, visivyofaa kwa barabara ngumu. Baada ya kilomita 26 hivi nguvu zilimwishia. Familia moja ya Sollentuna ikamkaribisha bustanini, ikamnywesha na kumpumzisha. Hakurudi barabarani. Si yeye peke yake, kwani karibu nusu ya wakimbiaji hawakumaliza, na Mreno Francisco Lázaro alianguka njiani akafariki siku iliyofuata.

Waswidi walipenda kusimulia kwamba Mjapani huyo alipotea asijulikane alikokwenda. Hadithi tamu, ila haina ukweli mwingi. Mtu gani aliyepotea hujitokeza tena Antwerp mwaka 1920, akashika nafasi ya 16, kisha akakimbia Paris mwaka 1924? Kilichopotea ni taarifa ya kujitoa kwake. Mwaka 1967 Waswidi walimwalika akamalizie mbio zake, naye mzee wa miaka 75 akakata utepe uwanjani Stockholm. Muda uliotangazwa: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20.

Utani huo umempa umaarufu duniani, lakini nyumbani kwao anakumbukwa kwa kazi yake. Aibu ya Stockholm ilimfanya autafutie mchezo wake mbinu bora: viatu vinavyohimili barabara, mazoezi ya joto, na vijana wengi badala ya mmoja. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mbio za kupokezana za vyuo kati ya Tokyo na milima ya Hakone, ambako badala ya kijiti wakimbiaji hupokezana mkanda wa kitambaa unaovaliwa begani.

Kanakuri alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 92. Mbio za Hakone bado hufanyika kila tarehe 2 na 3 Januari: wakimbiaji kumi kwa kila timu, zaidi ya kilomita 200 kwenda na kurudi. Mchezaji bora wa mbio hizo hutunukiwa kombe lenye jina la Kanakuri.