Kila Mtu Ana Kazi Kanisani

 

Leo tutazungumza habari ya kazi ya Mkristo katika kanisa lake. Nataka tujibu swali moja ambalo wengi huliuliza kwa sauti ndogo: "Mimi sina fedha, wala sikusoma sana. Nitalifaa kanisa kwa kitu gani?"

Swali hili latuhusu sisi wa Karagwe na Kyerwa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lina Dayosisi ya Karagwe tangu mwaka 1979. Kanisa Katoliki lina Jimbo la Kayanga tangu mwaka 2008. Lakini askofu, mchungaji na padre hawawezi kufanya kazi zote peke yao. Usharika au kigango husimama kwa mikono ya watu wake.

Tutazame kwanza mambo ya zamani. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walianza kazi Bukoba mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, wakaondoka. Wakristo wao wa Kihaya walikuwa bado wachache. Je, waliacha kusali? Hawakuacha. Andrea Kajerero na wenzake waliwakusanya watu, wakawafundisha, wakalitunza kanisa. Hawakungoja mtu wa mbali aje kuwafanyia kazi yao.

Sasa tuje siku zetu. Bila shaka umeona mnada baada ya ibada ya Jumapili. Mtu asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, kuku, au maharage. Ndizi zikikaa zitaoza, wala haziwezi kununua bati. Kwa hiyo huuzwa palepale nje ya kanisa. Mwenye fedha hununua, na fedha huingia katika mfuko wa kanisa. Basi wametoa watu wawili: aliyelima na aliyenunua. Hakuna aliye mdogo kati yao.

Lakini sikilizeni vema. Fedha isiyoandikwa huleta maneno. Watu hunong'ona njiani, "Fedha zetu zimekwenda wapi?" Pengine hakuna aliyeiba, ila hakuna aliyeandika. Mwisho watu huchoka, nao huacha kutoa.

Hapo ndipo kisomo chako kinapohitajika. Tuseme Jumapili moja mkungu umeuzwa shilingi 8,000, kuku shilingi 15,000, na kapu la maharage shilingi 6,000. Andika katika daftari lako, kisha jumlisha. Umepata ngapi? Ni shilingi 29,000. Kama hesabu iliyosomwa kanisani ni 23,000, usinong'one. Mwendee mweka hazina kwa adabu, umwombe mtazame daftari pamoja. Huenda amesahau mstari mmoja. Kumsaidia kuusahihisha ni utumishi, si ugomvi. Naye mweka hazina mwema hufurahi akiulizwa, maana daftari lililo wazi humlinda yeye pia.

Kazi nyingine hazihitaji fedha wala kalamu. Kuna kufagia kanisa, kuchota maji, kuimba katika kwaya, na kubeba matofali ya jengo. Kuna kumpelekea chakula mgonjwa aliyelazwa Nyakahanga, na kumpalilia mjane shamba lake la kahawa. Chagua kazi moja unayoiweza, uifanye bila kukosa. Afadhali kazi moja iliyomalizika kuliko ahadi kumi.

Basi, yule anayesema "sina kitu" tumjibu hivi: una shamba, una mikono, na sasa unajua kusoma na kuhesabu.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mazao yaliyotolewa huuzwa kwa mnada?
2. Hesabu isipoandikwa, ni madhara gani hutokea?
3. Wewe utachagua kazi gani? Andika sentensi mbili.