Fahamu: Jinsi ya kuchagua kisimamizi cha madirisha kwenye Linux

Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, iliondoa njia ya kuingia kwenye eneokazi la GNOME kupitia X11, mfumo wa kuchora skrini wa tangu 1987, ikabakiza Wayland, mfumo mpya zaidi wa kazi hiyohiyo. Kuhamia Wayland kunagusa pia kisimamizi cha madirisha, yaani programu inayopanga madirisha kwenye skrini.

Aina kuu ni mbili. Ya kwanza, kama Openbox, huacha madirisha yapandane, nawe huyasogeza kwa kipanya. Ya pili, kama i3, huyapanga ubavu kwa ubavu kama vigae, nawe huyaamuru kwa kibodi.

Openbox na i3 hutegemea X11. Kwenye Wayland, labwc inafanana na Openbox, na Sway husoma mipangilio ya i3. Mpenda kipanya aanze na labwc. Anayeshinda kwenye kibodi, Sway itamfaa.